Pimbi, Nyani na Makomamanga ya Pangoni

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa mlima.
— Tuupande!
Una baridi.
— Tujifunike!

Haya, jifunikeni. Na wewe unayecheka huko nyuma, nyamaza kwanza. Kwenye hadithi hii kuna mtoto anaumwa.

Hapo zamani, huko mlimani, jua liliwaka mpaka majani yakaisha. Ukabaki mkomamanga mmoja tu, na mwaka huo ulizaa sana. Desturi ya wanyama ilikuwa moja: matunda ya kwanza ni ya mama wanaonyonyesha na watoto wao. Lakini Nyani dume alifika mbele ya wote. Nyani mwenye mabega mapana, mwenye meno hivi! Akachuma. "Hili langu." Akachuma. "Na hili langu." Akachuma mpaka matawi yakabaki matupu, kisha akayabeba matunda yote mpaka pangoni, penye baridi, maji yanapotiririka ukutani.

Nyani hakuwa mjinga kabisa, tumpe haki yake. Alijua tunda likikaa baridini haliozi upesi. Ila yeye aliyapenda kwa macho. Kila asubuhi aliyafuta kwa mkia, fyu, fyu, fyu, akayapanga upya, asile hata moja. "Nitayala siku ya karamu yangu," akasema.

Chini ya jabali alikaa Pimbi, mnyama asiyefika hata goti la Nyani. Binti yake, Mashavu, alikuwa akitokwa na damu kwenye fizi. Hawezi kutafuna, miguu imemvimba. Waganga wote walisema neno moja: apate komamanga.

Pimbi akapanda.
"Shikamoo, Mzee."
"Marahaba. Unataka nini?"
"Moja tu, Mzee. Mwanangu anaumwa."
"Njoo mwezi ujao."

Mwezi ukaisha, Pimbi akapanda tena.
"Shikamoo, Mzee."
"Marahaba. Njoo mwezi ujao."
"Mzee wangu, baridi inatunza utamu, lakini dawa iliyomo ndani inapungua mwezi hata mwezi. Yataliwa lini?"
"Nimesema, njoo mwezi ujao!"

Katikati ya mwezi huo mtoto wa Digidigi, aliyekuwa na ugonjwa uleule, akafa. Wakamzika asubuhi. Pimbi alirudi kutoka mazikoni, akamtazama Mashavu, na moyo ukamuuma sana. Akasema, "Kuomba kumetosha."

Akapanda, akamkuta Nyani ameshika tama. Upepo wa mlangoni ulikuwa umekausha maganda ya makomamanga yaliyokaa karibu, yote yamekunjamana. Pimbi, mzaliwa wa mapangoni, alilijua jambo hilo: ganda limekauka tu, punje za ndani ni nyekundu vilevile.

"Pimbi wewe, haya yamepatwa na nini?"
"Nisiseme, Mzee. Nitakukosea adabu."
"Sema!"
"Yamezeeka. Na uzee wa tunda unaambukiza."
Nyani akaruka nyuma. "Je, haya mazuri niyafanyeje?"
"Hapa baridi ni ndogo, Mzee. Yapeleke kileleni, kwenye barafu. Kule hakizeeki kitu."

Basi Nyani akayatupa yaliyokunjamana. Bingiri, bingiri, pu! Bingiri, bingiri, pu! Yale mazuri akayabeba mawili mawili mpaka kileleni, kwaru, kwaru, kwaru.

Chini ya mlima mama walikuwa wanangoja. Kila mmoja akaokota. Digidigi naye akaokota moja, akaligeuzageuza, akampa Pimbi.
"Chukua wewe. Mimi sina wa kumlisha."
Pimbi akalipokea kwa mikono miwili. Akalipasua, kacha! Punje nyekundu tupu. Akazikamua, akamnywesha Mashavu kidogo kidogo. Siku ya tatu damu ikapungua. Siku ya kumi Mashavu akamng'ata mama yake sikio, na mama akalia kwa furaha.

Siku ya karamu ikafika. Nyani akawaita wanyama wote kileleni wakaone mali yake. Maganda yalikuwa na mabaka ya kahawia. Akapasua la kwanza, kacha! Punje zimepauka, utando wake umekuwa mweusi. La pili, kacha! Vilevile. Barafu ilikuwa imeyaunguza. Akapasua yote mpaka la mwisho, na hakuna mnyama aliyecheka, kwa sababu Nyani mwenyewe alikuwa amekonda, na fizi zake zilitoka damu.

Pimbi akamsogelea. Alikuwa amebakiza komamanga moja.
"Kula, Mzee wangu. Litakusaidia."
Nyani akalitazama lile ganda, limekunjamana kama goti la bibi. Akageuza uso.
"Mimi? Nile kilichozeeka? Mpe mwanao!"
Pimbi akampa mwanawe. Mashavu akala punje zote, palepale mbele yake.

Hadithi yangu nimeiacha mlimani, anayeitaka na apande. Fundisho lake, wanangu, ni hili: uongo ni mbaya. Pimbi alidanganya siku moja tu, watoto wa mlima mzima wakapona. Aibu iliyoje! Angeendelea kusema ukweli kila mwezi, kwa adabu, kama alivyolelewa, leo angekuwa na heshima kubwa, na kaburi dogo la kupalilia.