Mama Chumvi na Mashine Iliyozidisha

Wahenga walisema mganga hajigangi. Wengi wetu tukiisikia methali hii humwonea mganga huruma: masikini, mikono yake haifiki mgongoni mwake, nani atamchanja? Hiyo ni maana yake ya hisani. Ipo nyingine iliyo chungu kidogo, nayo ni kwamba mganga huzoea mno kuwaona wengine wakiumwa, hata akasahau kwamba na yeye ni mtu. Maana hii ya pili ndiyo iliyomfika muuguzi mmoja wa zahanati, na nitaieleza bila kumvika mtu kilemba cha ukoka.

Muuguzi huyo aliitwa Mama Chumvi. Jina hilo alipewa na wagonjwa wa presha, kwa sababu kila asubuhi, kabla ya kuwapima, alisimama mbele ya mabenchi yao akawahubiria.

"Chumvi!" alianza, kidole hewani. "Chumvi ya mezani muiache mezani. Tena hata hapo mezani muiondoe! Mboga za majani mtu ajaze nusu ya sahani. Usiku mlale, msikodolee simu macho. Dawa usiiache eti kwa kuwa umejisikia vizuri. Umejisikia vizuri kwa sababu ya hiyo dawa. Na vidonge vya maumivu havinunuliwi kila siku kama karanga!"

Watu walicheka wakaitikia, na wengi walipata nafuu kwa kumsikiliza. Alijua kazi yake, hilo simnyimi.

Lakini mwenyewe hakuwa na utulivu hata wa kuazima. Alikula amesimama. Alizungumza na huyu huku anamwita yule. Kwenye droo ya meza yake, chini ya pamba na bandeji, alificha kichupa cha chumvi, kwa maana viazi vya kukaanga alivyoletewa mchana aliviona kila siku havina ladha. Kahawa aliinywa kikombe juu ya kikombe. Kitandani mguu wake ulichezacheza kama wa mtu anayesubiri kuitwa, na usingizi ulipokuja ulimkuta tayari anajiandaa kuamka. Kichwa kikimgonga, alimeza vidonge viwili vya maumivu bila maji akaendelea na kazi. Masikio yakimvumia, alisema ni kelele za wagonjwa.

Sasa, alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi alijifunga mkanda wa mashine ya presha mkononi mwake, akabonyeza kitufe, akasoma. Alisema anaiamsha mashine. Miaka yote presha yake ilikuwa nzuri, kwa hiyo mashine ikisoma vizuri mkononi mwake, basi ni nzima, wagonjwa na waje. Ndipo asubuhi moja ikasoma juu. Akabonyeza tena. Juu. Akaipiga kofi kama watu wanavyozipiga redio. Juu zaidi.

"Mashine imekufa hii," alisema.

Msomaji ameshaelewa. Mtoto wa darasa la pili angeelewa. Lakini Mama Chumvi alikuwa amepima mikono ya watu wasiohesabika, na katika mikono yote hiyo wake haukuwamo. Wake ulikuwa chombo cha kazi, kama mkasi. Tangu lini mkasi ukaumwa?

Akaipeleka mashine kwa fundi wa vifaa. Fundi akairudisha siku ya pili.

"Mama, mashine yako haina ugonjwa wowote."

"Haina ugonjwa? Mbona inatia chumvi basi?"

Fundi alimtazama usoni, akataka kusema neno, kisha akalimeza. Ulimi wa Mama Chumvi ulijulikana.

Chumbani kwa daktari kilikuwepo kipimo kingine, kile cha kubonyeza mpira kwa mkono. Kulinganisha viwili hivyo kungekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini ili kulinganisha ilibidi aukunje mkono wa gauni lake amkabidhi mwenzake mkono, na kila alipoukaribia mlango ule alikumbuka kazi nyingine. Basi akajitungia sheria: mpaka mashine mpya iletwe, kila kitakachosomwa atakipunguza ishirini. Akapima watu hivyo, akipunguza, akiwaambia waende salama.

Alikuwa na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Wazazi wao walipofariki, dada huyo ndiye aliyeacha shule akamsomesha mdogo wake kwa sindano na uzi. Yeye naye alikuwa na presha, na Mama Chumvi ndiye aliyempima. Siku moja dada aliingia pindo la gauni lake limefumuka, linaburura chini.

"Dada, aibu gani hii? Fundi mzima, pindo linafagia sakafu!"

"Mganga hajigangi, mdogo wangu. Nijishonee saa ngapi, na wateja wamenikalia mlangoni?" Akaketi taratibu. "Leo lakini sijisikii vizuri. Kichwa kinaniuma hapa nyuma tangu juzi, na vidole vinakufa ganzi. Au nimwone daktari?"

Mama Chumvi alimfunga mkanda. Mashine ikavuma, ikasoma juu sana. Akasimama, akaketi, akasimama tena. Halafu akaikumbuka sheria yake, akatoa ishirini, na kilichobaki akakiona cha kuvumilika.

"Uko sawa, dada. Ni uchovu tu. Nenda ukalale, dawa ni zilezile."

"Una hakika?"

"Mimi tena, dada?"

Dada hakuuliza zaidi. Alimwamini mdogo wake kama alivyouamini utepe wake wa kupimia. Mlangoni akageuka. "Na wewe unalala lakini? Macho yamekuwa mekundu."

"Nikilala, hawa nani atawapima?"

Kesho yake asubuhi mteja mmoja alimkuta dada ameinamia cherehani. Mguu ulikuwa bado juu ya kikanyagio, kitambaa kimepita sindano kikaanguka upande wa pili, na mkono wa kulia ukining'inia. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mteja akampakia katika gari lake, akaja naye zahanati kwa kasi.

Mama Chumvi alipomwona alipiga ukelele. Alikimbilia dawa, akaacha dawa akakimbilia maji, akaacha maji. Daktari alimlaza mgonjwa kitandani, akaagiza gari la hospitali kubwa, akampima kwa kile kipimo chake cha mpira. Uso wa daktari ukabadilika.

"Mama, si ulimpima jana?"

"Nilimpima."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa juu. Lakini ile mashine inazidisha, kwa hiyo nikapunguza."

Daktari alikwenda akaichukua mashine, akaifunga kwenye mkono wa kushoto wa dada, ule mzima, akabonyeza. Ikasoma vilevile kama kipimo chake.

"Hii mashine ni nzima. Nani kakwambia inazidisha?"

"Si najipima kila asubuhi! Kila nikijipima inasoma..."

Neno lilikuwa limeshatoka, na kwa mara ya kwanza alilisikia kwa masikio yake mwenyewe, yale yaliyokuwa yakivuma.

"Nipe mkono," alisema daktari.

"Sasa hivi? Dada yangu yuko katika hali hii, wewe unataka mkono wangu?" Tayari alikuwa ameshika kitasa cha mlango. "Ngoja nikaangalie kama gari limefika."

"Mpe..." Sauti ilitoka kitandani, nzito, ya ulimi uliolala. "Mpe... mkono."

Dada alinyosha mkono wake wa kushoto, akaishika nguo ya mdogo wake, akaivuta, asiiachie. Mama Chumvi akaketi. Aliketi kama alivyowafundisha wengine siku zote na yeye asifanye hata siku moja: mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mdomo umefungwa. Daktari akabonyeza mpira, akasikiliza, akarudia.

"Uko juu kuliko huyu," alisema polepole. "Sijui umesimama kwa miguu gani. Na hivyo vidonge vya maumivu unavyovitafuna navyo vinaipandisha, unalijua hilo kuliko mimi."

Alilijua. Alilihubiri kila asubuhi. Akajifunika uso, akalia kwa uchungu na aibu. "Nimemponza dada yangu. Kanisomesha nije nimponze." Hakuna aliyempinga, kwa maana ilikuwa kweli.

Gari lilifika, likamchukua dada. Jioni ile ile Mama Chumvi alianza kuwatafuta wote aliowapunguzia, mlango kwa mlango, akiwaambia bila kuzunguka kwamba mashine ilikuwa nzima na mbovu alikuwa yeye. Wengine walimsamehe, mmoja alimfungia mlango usoni. Daktari aliwapima upya, na waliohitaji kubadilishiwa dawa wakabadilishiwa. Mama Chumvi aliondolewa chumba cha vipimo, akaambiwa akale, akalale, ameze dawa zake, ndipo arudi. Kichupa cha chumvi alikimwaga mwenyewe kwenye karo la kunawia.

Dada alirudi nyumbani, shukuru Mungu. Anatembea akishika ukuta, maneno yake yanasikika. Lakini mkono wa kulia haukurudi kwenye sindano, na cherehani imefunikwa kitambaa. Mama Chumvi akikiona kitambaa hicho huangalia pembeni.

Jumapili moja alimkuta dada amelivaa gauni lile lile, pindo bado limefumuka. Bila neno akachukua sindano, akapiga magoti, akaanza kulishona. Alishona vibaya, mishono ikaenda kama njia ya siafu. Dada aliitazama, akacheka kwa upande wa mdomo unaocheka.

"Ndiyo nini hii?"

"Vumilia, dada. Ndiyo kwanza najifunza."

"Haya, zamu yangu. Keti. Mgongo nyuma, miguu chini. Nyamaza."

Mama Chumvi akaketi. Mguu ukataka kuchezacheza. Akaukanyaga kwa mguu wa pili. Dada aliuvuta mkanda wa mashine ya presha waliyoinunua ya nyumbani, kwa mkono wake mmoja, akaukaza kwa meno, akabonyeza kitufe. Mashine ikavuma. Mama Chumvi, kwa mazoea, akanyosha shingo asome mwenyewe.

"Macho huko!" dada alimkemea. "Anayepima hapa ni mimi."

Akageuza uso ukutani, machozi yakimlengalenga, akasubiri kuambiwa na mwingine jinsi alivyo. Fundi cherehani alikuwa amevaa pindo aliloshonewa, muuguzi ametoa mkono apimwe, na wote wawili wameshalipa gharama ya kulielewa neno dogo ambalo wahenga walilitoa bure: mganga hajigangi.