Herufi Tano Mlangoni

Nijibu bila kunizungusha: ukibeba matofali kichwani miezi minane, chumba kikasimama, kisha ukaambiwa huingii ndani mpaka uje na neno refu la Kiingereza, utasema nini? Usinitazame hivyo. Wapo walioambiwa, na wakanyamaza.

Hapo zamani, si ile ya wafalme, ni ile ya redio za betri, kijiji kimoja cha milimani kilijenga chumba cha kusomea. Mzee Ambakisye, karani mstaafu wa mahakama, alitoa kiwanja. Wanawake walibeba matofali, wakabeba maji, wakabeba mchanga. Mwalimu Gwakisa, mwenyekiti wa kamati, yeye alibeba kalamu: aliandika barua Ulaya kuomba vitabu, akasimama kanisani kutangaza kwamba vinakuja, kamusi ikiwemo. Sanduku likafika. Mwalimu akaliingiza ndani, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

Miezi mitatu mlango haukufunguliwa. Ukimuuliza, anakujibu: "Vile ni vitabu vya Kiingereza. Vinataka mtunzaji anayekiweza." Watu walipozidi kumuuliza, akachukua chaki, akaandika mlangoni herufi tano: C, M, R, T, U. Atakayeleta neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote, refu kuliko ya wenzake, ndiye mtunzaji, na ufunguo ni wake. Siku saba.

Kwa nini hizo? Neno refu linafuta vumbi kwenye rafu? Hakuna aliyeuliza. Kiingereza kikitajwa, kijiji kizima husimama wima kama wanafunzi mbele ya mkaguzi.

Watatu waliutaka ufunguo ule. Mzee Ambakisye aliutaka. Lusajo, kijana mwenye shahada, aliyekaa nyumbani mwaka wa tatu na vyeti vyake ndani ya bahasha, aliutaka. Na Tumpe aliutaka.

Huyu Tumpe alikuwa akiwafundisha kusoma wanawake sita, pembeni mwa josho la ng'ombe. Vitabu hawakuwa navyo, basi walisoma kilichokuwepo: mifuko ya mbolea, makopo ya rangi, chupa za dawa ya kupe. Kila masika josho lilijaa matope, na darasa likafa. Mwaka ule Tumpe aliapa halifi.

Jumamosi watu wakajaa mlangoni. Mzee Ambakisye akatangulia, koti limenyooshwa kwa pasi.

"Circumstantially," akasema. "Herufi kumi na sita. Ni pale mtu anapotiwa hatiani na mazingira, wala hakuna aliyemwona. Miaka ishirini na saba nimeliandika kwa mkono huu. Sikufungua kitabu."

Lusajo akafuata. "Electroluminescent. Kumi na nane. Nimekwenda mjini, nimekaa na kamusi siku nne."

"Maana yake nini, kaka?" Tumpe akauliza.

"Maana haikuulizwa, dada. Zimeulizwa herufi."

Tumpe akatoa chupa ya dawa ya kupe kwenye kikapu. "Manufacturers. Kumi na tatu. Ni watu wanaotengeneza vitu viwandani. Tumelipata hapa."

"Tumelipata?" Lusajo akacheka. "Neno moja, watu saba? Na bado likawa fupi!"

"Ndiyo, saba. Na saba ndio tutakaoingia kusoma. Wewe utaingia na nani, na bahasha?"

Watu wakaangua kicheko. Lusajo hakucheka tena.

"Mlinichangia nisome," akasema. "Mkaniambia rudi. Nimerudi. Mmenipa nini, jembe? Leo imewekwa sheria moja, nimeifuata, nimeshinda. Sasa mnataka kuigeuza?"

"Sheria gani, mjukuu wangu?" Mzee Ambakisye akafoka. "Kasuku naye hutamka! Kiwanja changu, neno langu, na maana yake ninayo."

"Mimi sina refu," Tumpe akasema. "Nina wanawake sita, na mvua ya wiki ijayo."

Mwalimu Gwakisa akainua mkono. "Refu ni refu. Lusajo ameshinda."

"Ngoja, Mwalimu," Tumpe akasema. "Neno hilo hatulijui. Huenda kalitunga njiani. Ulitutangazia kwamba sandukuni imo kamusi. Fungua, tulitazame."

"Haina haja."

"Fungua, Mwalimu," Lusajo akasema. "Mimi siogopi."

"Mfungulie kijana," Mzee Ambakisye akasema. Ilikuwa mara yao ya kwanza siku ile kukubaliana.

Mkono wa Mwalimu ukaingia mfukoni, ukakaa humo.

"Fungua!" Sasa walikuwa wanawake wote sita, na nyuma yao kijiji kizima.

Mwalimu akautoa ufunguo. Hakuutia mlangoni. Aliuweka kiganjani, akautazama.

"Hakuna kamusi," akasema. "Hakuna Kiingereza. Ulaya hawakunijibu. Sanduku limetoka kwa mwalimu mwenzangu niliyesoma naye chuo. Nililifungua siku ile ile lilipofika: vitabu vyote ni vya Kiswahili. Nilikwisha kutangaza kanisani. Niliona aibu, nikafunga mlango. Na herufi nilizibuni tu, nikijua hamtabishana na Kiingereza. Nimewafungia mimi."

Kiganja bado ki wazi, ufunguo juu yake. Ambakisye ananyoosha mkono, Lusajo ananyoosha mkono, Tumpe ananyoosha mkono. Haya, wewe uliyekaa kimya tangu nianze: nani aliustahili?