Mkataa Miwani Hutafuna Mawe

Mkataa miwani hutafuna mawe. Mnacheka, eti? Haya, wekeni simu zenu chini mnisikilize. Methali hii ilianza hivi.

Bi Mwanakheri wa Pangani alikuwa mpishi wa shughuli, na pilau yake ilisifiwa hadi ng'ambo ya mto. Siku aliponunua simu ya kupangusa, weee! Tamthilia asubuhi, tamthilia mchana, ungo mapajani, macho kwenye simu. Mwaka haujaisha, macho yakawa yanamchonyota, na vitu vya karibu anaviona kwa ukungu.

"Mama, twende ukapimwe macho," binti yake Saumu akambembeleza.

"Nivae miwani nionekane kikongwe? Thubutu! Macho haya ndiyo yaliyomchagua baba yako."

Ikaja siku ya Saumu kuposwa, tena na kijana aliyempenda mwenyewe. Bi Mwanakheri akakataa kusaidiwa. Akachambua mchele peke yake, ungo akiusogeza mbali, akiuleta karibu, na yote aliyoyaona aliyaona mchele tu.

Wageni wakanawa. Mzee Shekue, ami yake mchumba na msemaji wao, akatia tonge la kwanza. Kakacha! Akatema kokoto. Tonge la pili, kakacha!

"Bi Mwanakheri," akasema, "kama binti hamtoi, si mngesema tu? Ndiyo mtupige mawe?"

Bi Mwanakheri angeweza kumsingizia muuza mchele. Lakini nyuma ya pazia alisikia kwikwi ya mwanawe, na moyo ukamuuma.

"Mzee wangu, mawe si jibu letu. Sioni! Simu nimeikodolea hadi macho yamechoka, na miwani nikaionea haya. Nilaumuni mimi, mwanangu msimwache."

Mzee Shekue akamtazama, kisha akaangua kicheko. Akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa miwani.

"Nami niliificha nisionekane mzee mbele ya wakwe. Ningeivaa, mawe haya ningeyaona sahanini!"

Posa ikapita. Juma lililofuata wazee hao wawili wakaongozana kliniki ya macho, wakakuta foleni imejaa majirani, kila mmoja akijifanya kamsindikiza mwenzake. Daktari akamwambia Bi Mwanakheri kwamba umri umefika na simu nayo imemchosha macho; avae miwani, na ayapumzishe.

Mchele wa harusi aliuchambua miwani puani, simu kaiacha chumbani. Mzee Shekue naye akavaa yake, akapekua sahani nzima mbele ya watu, asipate hata chembe ya mchanga. Akala, akaomba aongezwe.

"Bi Mwanakheri," akasema, "jino langu moja lilibaki kwako siku ya posa, lakini silidai. Limenifunza: mkataa miwani hutafuna mawe."