Ngoma ya Kutoka Jabalini Hadi Mtoni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mashamba na vyungu kama sisi, palikuwa na bonde lenye majani marefu. Sogeeni, maana sirudii. Upande mmoja wa bonde palikuwa na jabali kubwa, upande wa pili mto. Katikati ya majani alikaa Kanga, akiatamia mayai kumi na manne.

Mwaka uliotangulia aliatamia kumi na moja, na hakuangua hata moja. Fisi, aliyelima kule juu bondeni, alichoma majani ya shamba lake. Upepo ukaubeba moto, wuuu! ukashuka nao. Wenye miguu mirefu walikimbia. Kanga mwenyewe aliruka. Mayai hayaruki.

Safari hii, Kanga alipomwona Fisi akifyeka, alimwendea mapema.

"Jirani, mwaka huu usichome."

Fisi hakumfokea. Alifuta jasho tu. "Mama Kanga, nina watoto sita na jembe moja. Nisipochoma, nitang'oa magugu yote haya kwa meno? Nayaacha yakauke siku saba, kisha nachoma."

Kanga akaona huyu naye ana shida zake. Akaenda barazani kwa wakubwa. Aliwakuta Nyati na Tembo wanakunywa togwa.

"Hodi, wazee wangu."

"Karibu, mama madoadoa!" akasema Nyati. "Umekuja kutupunguzia togwa?"

"Nimekuja kuomba. Baada ya siku saba Fisi anachoma. Tufyeke njia pana kutoka jabalini hadi mtoni. Moto ukifika hapo ukakosa majani, utakufa. Nyinyi mna nguvu, ni kazi ya siku tatu."

Nyati alicheka mpaka togwa ikamtoka puani. "Siku tatu! Moto ukija si tunakimbia tu?"

"Mimi pia nakimbia. Mayai yangu je? Na Kobe je?"

"Kobe na aanze kukimbia leo!" akasema Tembo. Wakagongana mabega kwa kicheko.

"Tena moto una faida," Nyati akaongeza. "Ukishapita, mvua ikinyesha, majani machanga kila mahali. Mwaka jana nilinenepa kweli."

"Mwaka jana Kobe alimzika mkewe," akasema Kanga.

Kicheko kikakatika. Tembo akakohoa. "Pole yake. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya Mungu, mama."

"Ilikuwa kazi ya moto na upepo, na vyote viwili tunajua vinakotokea," akajibu Kanga, akaenda zake.

Njiani alimkuta Kobe. Gamba lake lilikuwa bado na alama nyeusi za mwaka jana.

"Wamekataa?" akauliza Kobe.

"Wamekataa kazi. Sasa niambie, shemeji, wale wawili hawawezi kukataa nini?"

Kobe alifikiri. Kobe akifikiri, unaweza kupika maharage yakaiva. Mwisho akasema, "Sifa."

Kesho yake asubuhi, jua lilipokuwa likiyapasha mayai joto, Kanga alimkimbilia Nyati, tiki tiki tiki!

"Mzee, nimesikia neno, hata sipendi kulirudia."

"Lirudie!"

"Aa, nitaleta ugomvi."

"Mama Kanga, sema!"

"Ati Tembo anasema ukoo wa Nyati ukicheza ngoma, ni kama ng'ombe waliokanyaga siafu."

"Nini?" Nyati akapiga kwato chini, ndi! "Mimi?"

Kanga akamwacha anatoa moshi puani. Akaenda kwa Tembo.

"Babu, Nyati anasema wewe huchezi ngoma, wewe huanguka taratibu."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Huanguka? Niitie huyo mtu!"

Nyati alipoitwa akaja, Kanga akasema, "Msipigane, wazee wangu. Shindaneni. Nitawaandalia uwanja, na Kobe atakuwa mwamuzi. Yeye hana haraka, hatapendelea mtu."

Kanga akachora mstari kwa kucha, kutoka jabalini hadi mtoni.

"Mbona uwanja mrefu hivi?" akauliza Nyati.

"Mchezaji mkubwa hachezi mahali pamoja kama kuku anayetaga. Hutembea na ngoma, watu wote wamwone."

Nyati akaona kweli. Akaja na ukoo wake wote, Tembo naye na wake.

Ndi! ndi! ndi! wakaenda nyati. Puu! puu! puu! wakarudi tembo. Majani yakalala, yakavunjika, yakasagika. Jioni Nyati akauliza, "Haya, Kobe! Nani bingwa?"

Kobe akainua shingo polepole. "Nilikuwa huku jabalini. Ya mtoni sikuyaona vizuri."

Siku ya pili Kobe akakaa mtoni, na ya jabalini hakuyaona. Siku ya tatu alikaa katikati, akasema vumbi lilimwingia machoni.

"Huyu mwamuzi ni kipofu!" akanguruma Tembo.

"Basi umeshindwa na Nyati?" akauliza Kanga kwa upole.

"Nani kashindwa? Pigeni ngoma!"

Siku sita walicheza. Siku ya saba hapakubaki jani. Palikuwa na njia pana ya vumbi tupu, nyekundu, kutoka jabalini hadi mtoni. Na Nyati alikuwa amelala chini ya mgunga, miguu yote minne imevimba kama viazi vikuu. Tembo aliegemea jabali, hawezi hata kubadilisha mguu.

Hapo ndipo moshi ulipoonekana juu bondeni.

"Moto!" akalia Nyati. Akajiinua, akaanguka, pu! Akajiinua tena, magoti yakakataa. "Miguu yangu! Kanga, umeniua wewe na ngoma zako!"

"Kaa chini, mzee."

"Nikae chini nichomwe?"

"Sisi wengine hukaa hivyohivyo kila mwaka. Kaa."

Moto ulikuja ukinguruma, pwata! pwata! wuuu! Nyati akafumba macho, akawa anaita mama yake. Kobe aliingiza kichwa ndani. Kanga alitandaza mabawa juu ya mayai yake, akautazama tu. Mara hii hakuruka.

Moto ukafika kwenye vumbi. Ukatafuta kushoto, ukakuta jabali. Ukatafuta kulia, ukakuta mto. Cheche moja ikaruka ikaangukia majani upande huu.

"Babu, mkonga!" Kanga akapiga kelele. "Vumbi!"

Tembo akavuta vumbi, akapuliza, fuuu! Cheche ikazimika. Ikaja ya pili, fuuu! Ya tatu, fuuu! Kisha moto ukajikunja, ukabaki moshi.

Nyati akafumbua jicho moja. Akaiangalia ile njia, akaangalia jivu ng'ambo yake, akaangalia kwato zake zilizovimba.

"Mama Kanga."

"Labeka."

"Hii ndiyo ile kazi ya siku tatu?"

"Ndiyo, mzee. Nyinyi mmeifanya kwa siku sita."

Tembo akaanza kucheka, akashika mbavu. Nyati alitaka kukasirika, lakini alikuwa bado anatetemeka, na huwezi kukasirika vizuri huku unatetemeka.

"Kwa hiyo hakuna aliyesema nacheza kama ng'ombe?" akauliza.

"Hakuna. Nililitunga mimi."

"Na bingwa je?" akauliza Tembo. "Siku sita, lazima awepo bingwa!"

Wote wakamgeukia Kobe. Kobe akatoa kichwa nje taratibu.

"Nimewatazama siku sita," akasema. "Wote wawili mnacheza vibaya sana."

Siku ya nne baada ya moto, mayai kumi na mawili yalianguliwa. Mawili yalikuwa viza, na hilo si kosa la moto. Na kila mwaka, Fisi alipoanza kufyeka, alipita kwa Nyati na Tembo kuwatajia siku ya kuchoma, nao wakaenda kukanyaga njia bila kuombwa. Hawakuiita tena ngoma.

Hadithi imefika mtoni, haivuki. Shikeni hili: mwenye mbio asimcheke asiyeweza kukimbia, maana miguu nayo ina siku yake ya kuvimba.