Vigoda vya Waliobisha Hodi

Bandu bandu huisha gogo. Watu huitumia methali hii kumtia moyo mwenye kazi kubwa: chonga kidogo kidogo, utamaliza. Gogo lenyewe likiulizwa, litasema mengine. Kinachomegwa kidogo kila siku huisha, hata kama hakuna aliyekusudia kukimaliza.

Okeyo, mkazi wa Kambi Muru mtaani Kibera, alikuwa fundi wa kompyuta katika zahanati moja ya kanisa huko Kawangware, Nairobi. Mwaka wa 1997 wafadhili waliipa zahanati hiyo mashine kubwa ya kuhifadhi rekodi za wagonjwa. Tawi la Laini Saba, Kibera, lilipewa kompyuta ndogo na waya wa simu. Muuguzi wa Kibera alipotaka rekodi, alipiga simu kwa kompyuta hiyo. Mashine ya Kawangware ikapokea kwa mlio kama filimbi, ikauliza jina na neno la siri, kisha ikamfungulia.

Kadi ya kwanza ambayo Okeyo aliichapa humo ilikuwa ya mkewe, Awiti. Zamani Awiti alidungwa penisilini akavimba koo, nusura afe. Okeyo akaandika kwa herufi kubwa: PENISILINI MARUFUKU. Kadi zote zilipokwisha kuingizwa, zile za karatasi, magunia matatu, akapewa mama mmoja wa Laini Saba azitumie kufungia njugu za kuuza. Nani alihitaji karatasi tena?

Lakini mashine ilikuwa na kasoro. Kila aliyebisha hodi ilimtengea nafasi ndogo katika kumbukumbu yake, kama mwenyeji anavyomtolea mgeni kigoda. Mgeni akikosea neno la siri na kwenda zake, kigoda kilibaki palepale. Vigoda vilirundikana siku baada ya siku hadi mwenye nyumba akakosa pa kugeukia, na mashine ikaganda. Dawa ya Okeyo ilikuwa moja: kila Ijumaa aliizima akaiwasha, vigoda vikatoweka, naye akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Watengenezaji walileta barua pamoja na disketi ya kurekebisha kasoro hiyo. Barua ilisema wazi kwamba hata mtu asiyejua neno la siri angeweza kuiangusha mashine kwa kubisha hodi tu. Marekebisho yangeifunga mashine kwa saa kadhaa. Okeyo akaitupa disketi kwenye droo.

Sella, muuguzi wa Laini Saba, hakuchoka kumwambia. Walisali kanisa moja, na hapo ndipo Okeyo alipompa neno jipya la siri kila mwezi, limeandikwa kwenye kikaratasi, maana kulitaja kwenye simu kulikatazwa.

"Fundi, mashine yako inajikokota kama punda wa maji," Sella alimwambia Jumapili moja baada ya ibada. "Alhamisi nimeingoja mpaka chai ikapoa."

"Ijumaa nimeizima, Sista. Sasa ni nzima."

"Na ikizirai Jumatatu?"

"Nani Kibera hii ana kompyuta ya kuibishia hodi? Mwizi wa huku anaiba sufuria."

Sella akacheka, kisha akaacha. "Cheka tu. Siku moja sufuria itakuwa yako."

Mwezi wa Julai wafadhili walitarajiwa kuja. Ijumaa ya kabla ya ziara hiyo Okeyo hakuizima mashine, kwa kuwa ilikuwa ikichapisha ripoti yao. Jumapili hakwenda kanisani, kwa kuwa Awiti alikuwa anakohoa na mwili wake ulikuwa moto kama kaa. Jumatatu asubuhi akamwambia, "Ukizidiwa, nenda kwa Sella." Akafika kazini, akabadilisha neno la siri kama desturi. Kikaratasi cha Sella kilikuwa bado kwenye mfuko wa shati lake.

Saa nne Opondo, jirani yao muuza makaa, alifika zahanati ya Laini Saba akisukuma mkokoteni. Awiti alikuwa ndani yake, amefunikwa gunia.

"Sista, saidia! Ni mke wa Okeyo. Tangu mumewe aondoke, anaongea na watu sisi hatuwaoni."

Sella alimsikiliza kifua. Homa ya mapafu, tena kali. Kabatini alikuwa na penisilini tu.

"Kuna dawa isiyopatana naye?"

"Mimi ni jirani tu, Sista. Nitajuaje?"

Sella akaketi kwenye kompyuta. Akaandika neno la siri. Likakataliwa. Akadhani amekosea herufi, akaandika tena, pole pole. Likakataliwa. Akarudia mara tano, mara kumi, na kila mara, kule Kawangware, kigoda kimoja kiliongezwa juu ya vile vya siku kumi. Mara ya kumi na tano mashine haikuuliza chochote. Akainua simu amuulize Okeyo mwenyewe, lakini Kawangware kulikuwa na laini moja tu. Ikapokewa na filimbi ileile, kisha kimya.

"Sista, pumzi inakatika! Fanya kitu, bwana!"

Sella akavuta dawa kwenye sindano.

Kule Kawangware Okeyo aliona kioo kimeganda, akafyonza, akaizima mashine akaiwasha. Alipoinama, kikaratasi kilimchoma kifuani. "Leo Sella atanitukana," akasema peke yake, akacheka.

Sella hakumtukana. Jioni alimngoja mlangoni mwa zahanati ya Laini Saba, mikono imelegea kama nguo iliyoanikwa.

"Nilibisha hodi, Fundi," alisema. "Nilibisha mara kumi na tano."

Baada ya mazishi ya Awiti, Okeyo aliitoa ile disketi kwenye droo. Kazi ilichukua saa tano tu, na tangu siku hiyo mashine haikuganda tena. Kisha akaenda Laini Saba kwa mama wa njugu, akaanza kufungua kifurushi kimoja baada ya kingine, njugu zikimwagika matopeni.

"Baba, unatafuta nini?"

"Kadi ya mke wangu."

Yule mama akamtazama kwa huruma. "Zile kadi ziliisha zamani. Siku hizi nafungia kwa gazeti."

Okeyo akabaki amesimama, kipande cha gazeti mkononi, asijue pa kwenda. Hakuna mwizi aliyekuja, wala hakuna aliyemtakia mabaya. Ni vigoda tu, kimoja kimoja, Ijumaa hadi Ijumaa. Bandu bandu huisha gogo.