Pembe Aliyoiacha Nyamizi

Fumbeni macho, wajukuu zangu, mtazame pamoja nami. Ni uani, peupe, pamefagiliwa hadi ardhi inang'aa. Hakuna jani. Hakuna unyasi. Hakuna ndege hata mmoja. Mnaona? Basi hapo, zamani zile milima ilipokuwa bado inatambaa, ndipo alipoolewa Nyamizi.

Nyamizi alifagia kama alivyotaka mama mkwe wake, Bi Milembe. Alifagia, akafagia, lakini pembe moja aliiacha. Masika nyasi zikaota, hakuzing'oa. Kipupwe akamwaga hapo pumba za mtama. Kiangazi kilipokausha madimbwi, akaweka chungu kipana cha maji.

Wakaja chiriku. Wakaja tetere. Wakaja kwera, na kelele zao mnazijua wenyewe!

"Mwanangu," Bi Milembe akamwuliza, "kwenu hakuna mafagio?"

"Yapo, mama. Ila nawaonea haya wageni hawa kuwafukuza."

"Wageni! Majirani wananicheka. Mwezi mpya ukiandama na pembe hii ingalipo, utarudi kwenu."

Maskini Nyamizi! Alimpenda mumewe, na ndege aliwapenda.

Sasa sikilizeni vizuri. Baba mkwe, Mzee Shigela, ndiye aliyekuwa akiwatangazia watu siku ya kupanda. Alipopofuka, hakuweza tena kuyasoma mawingu, akaacha kutangaza. Miaka miwili watu walipanda kwa kubahatisha. Miaka miwili mbegu ziliungua ardhini.

Mwezi ulipokaribia kuandama, Bi Milembe alichukua jembe mwenyewe, akaiendea pembe ile. Akaliinua juu. Mara, katika nyasi zile zile: du-du-du-du-du!

"Acha!" Mzee Shigela alisimama bila fimbo. "Milembe, umemsikia?"

"Nani tena?"

"Dudumizi! Ndiye ndege aliyekuwa akiniambia mvua i karibu. Nilidhani ameihama nchi hii. Waambieni watu wapande leo!"

"Na mbingu nyeupe hivi?"

"Yaliyopofuka ni macho, mke wangu. Masikio ninayo."

Wakapanda. Siku ya nne ikanyesha. Ilinyesha, wanangu, ilinyesha! Mtama ukawapita watu vichwa.

Bi Milembe hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa maneno hayo. Lakini jirani alipomtania, "Bibi, uani kwako bado pachafu?" alimjibu kifua mbele:

"Pachafu? Njoo usikilize! Hao ni ndege wa mkaza mwanangu."

Na Nyamizi huyo ndiye aliyemzaa bibi yangu. Damu yake mnayo, nyote.

Kisa changu kimekunja mabawa. Ila kesho mkianza kufagia, nawaomba mkumbuke kitu kimoja: waachieni ndege mahali pa kutua.