Kibaba cha Bi Sange na Unyayo wa Ndovu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pakawa na chemchemi!

Na chemchemi ikawa ya nani?

— Ya wote!

Mmejibu haraka. Ya wote. Haya, kaeni vizuri tuone kama kweli ilikuwa ya wote. Wewe Mshamu, sogea mwenzako apate pa kukaa, mkeka huu si urithi wako.

Hapo kale, zamani za wanyama kuishi kwa mashauri, palikuwa na nchi yenye chemchemi moja na ghala moja. Chemchemi ilikuwa chini ya miti, maji yake baridi mpaka meno yanauma. Ghala lilikuwa juu kilimani, na mlangoni pake palining'inia kibaba cha kibuyu. Kwa kibaba hicho watu waliingiza mtama wa kodi, na kwa kibaba hicho hicho mtama ulitolewa. Ndiyo mila yao: mlango mmoja, kipimo kimoja. Ukileta kipimo kipya, cha zamani unakivunja mbele za watu. Hakuna kupokea kwa kibaba kikubwa na kutoa kwa kidogo, kama wafanyavyo wenye maduka fulani ninaowajua. Siwataji, kesho nakwenda huko kununua sukari.

Jumbe wa nchi ile alikuwa Korongo, yule ndege mwenye miguu mirefu. Mpole, msafi, mwenye adabu, lakini kukata shauri hajui. Ukimpelekea neno asubuhi, anasimama kwa mguu mmoja anafikiri. Ukirudi jioni, amebadilisha mguu.

Mkusanya kodi wake alikuwa Akida Ngiri. Huyo alipita nyumba kwa nyumba akiimba, na nyinyi mtamwitikia.

Mdomo mmoja!

— Kibaba kimoja!

Mkubwa, mdogo!

— Kibaba kimoja!

Mnaona wimbo ulivyo mtamu? Haki tupu. Ndovu ana mdomo mmoja, analipa kibaba kimoja. Nyati ana mdomo mmoja, analipa kibaba kimoja. Sasa twendeni kwa Bi Sange.

Sange mnamjua? Kinyama kidogo, mwili wa panya, pua ndefu inachezacheza haitulii. Bi Sange alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Hapo midomo mingapi?

— Minne!

Basi vibaba vinne. Ndovu akinywa, chemchemi inashuka unaiona, analipa kibaba kimoja. Bi Sange anakunywa tone lililobaki kwenye jani, analipa vibaba vinne. Mnasema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Hamsemi kikishajaa kinakwenda wapi.

Kilikwenda kwa Ndovu.

Msishangae. Baraza lilikaa likasema nchi lazima ifunguliwe, na wa kuifungua ni mwenye nguvu. Kila mti atakaouangusha Ndovu, apimiwe mtama ghalani mpaka kikapu kijae. Akaangusha mvule, akajaziwa kikapu. Akaangusha mkuyu, akajaziwa kikapu. Akaangusha msufi, akajaziwa kikapu, na majani akala yeye mwenyewe.

Miti ikaisha kando ya chemchemi. Jua likapata njia. Maji ya magotini yakawa ya kwenye kifundo. Ya kwenye kifundo yakawa ya kwenye ukucha. Ya kwenye ukucha yakawa tope, na tope lenyewe Ndovu ndiye anayelilalia mchana kutwa. Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Huyu hakupigana na mtu. Alikuwa anaoga tu, na nyasi ziliumia vilevile.

Siku moja Akida Ngiri akapita na tangazo jipya. Maji yamepungua, kwa hiyo kodi imepanda. Vibaba viwili kwa kila mdomo, ili Ndovu alipwe achimbe chemchemi iende chini zaidi. Asiyelipa siku ya baraza, yeye na wanawe wasikanyage tena majini.

"Akida," Bi Sange akamwambia, "hicho ndicho chakula chetu chote mpaka mvua zije."

Ngiri alikuwa amepiga magoti anakula, kama kawaida ya ngiri. "Kodi ni sawa kwa wote, bibi. Ndovu naye analipa vibaba viwili, na sijamsikia akilalamika."

"Analipa viwili, anarudi na kikapu."

"Kile ni ujira wa kazi."

"Kazi gani? Ya kukausha maji?"

Ngiri akatafuna. "Mimi nakusanya tu. Mambo ya kutoa muulize Jumbe."

Bi Sange akaenda kwa Jumbe. "Shikamoo, Jumbe. Ndovu anakausha chemchemi, na mimi ndiye ninayemlipa aikaushe."

Korongo alikuwa amesimama kwa mguu wa kulia. "Marahaba. Neno zito hilo, mwanangu. Nitalifikiri."

Akaenda mara ya pili. Korongo alikuwa amesimama kwa mguu wa kushoto. "Bado nalifikiri," akasema.

Aliporudi nyumbani akamkuta kitindamimba wake, Kitinda, amelala pembeni. Alikuwa amelamba tope, tumbo linamuuma, midomo imepasuka. Mtoto anayelilia maji ana nafuu. Huyu alikuwa ameacha kulia. Bi Sange akashikwa na hofu, hofu ya mama, ile isiyo na maneno.

Akakimbia mara ya tatu kwa Jumbe. "Umekuja nabadilisha mguu," Korongo akasema. "Subiri kidogo."

Bi Sange hakusubiri. Akaenda moja kwa moja kwa Ndovu.

Alimkuta kwenye tope lake, nyuma yake rundo la mtama wa vikapu vyote vile, refu kuliko kichuguu.

"Shikamoo, mjomba."

Ndovu akatazama kushoto, akatazama kulia, mwisho akatazama chini. "Umeniita mjomba wewe?"

"Pua haidanganyi, mjomba. Tazama yangu, tazama yako. Sisi ukoo mmoja, ila mwili wote ulikwenda upande wenu."

Ndovu akacheka mpaka tope likatikisika. Sifa, jamani, haina mnene wala mwembamba. Wote tunaipenda.

"Nimekuja kwa sababu naona aibu," Bi Sange akaendelea. "Mtu mwenye mguu kama huo kupimiwa kwa kijibuyu? Kibaba kile kile wanachompimia kindi? Ukoo mzima tunachekwa."

"Kumbe hata mimi nimekuwa nikiwaza hivyo," Ndovu akasema. Hakuwa amewaza.

"Ningekuwa mimi, ningesema kila mmoja apimiwe kwa unyayo wake. Ukanyage, na tundu lako lijazwe. Lakini usiseme, mjomba. Jumbe hatakubali. Ni haki ya wakubwa tu kuyasema mambo kama hayo."

"Mimi si mkubwa?"

"Mimi sijasema neno, mjomba." Bi Sange akaondoka zake.

Siku ya baraza ikafika. Wote wakakusanyika kando ya chemchemi, koo zimekauka. Kabla hata Jumbe hajachagua mguu wa kusimamia, Ndovu akajitokeza mbele.

"Kibaba ni kipimo cha wadogo," akanguruma. "Kuanzia leo ghala letu lipime kwa unyayo. Kila mtu kwa unyayo wake."

Wadogo wakatazamana. Waliona njaa inakuja kwa miguu minne.

"Jumbe," Bi Sange akauliza kwa upole, "mila inasemaje kuhusu kipimo kipya?"

"Cha zamani kivunjwe mbele za watu," Korongo akasema. Hilo alilijua bila kufikiri, maana ni mila.

Ndovu hakungoja kuambiwa. Akamnyang'anya Ngiri kibaba cha kibuyu, alichokuwa amekishusha toka ghalani apokelee kodi, akakiweka chini akakikanyaga. Kwa! Vipande vikaruka.

"Sasa kanyaga pa kupimia, mjomba," Bi Sange akamnong'oneza. "Kwenye tope. Huko mguu unaingia vizuri."

Ndovu akakanyaga kwenye tope alilolivuruga mwenyewe. Akaegemea. Akainua mguu mwingine ili uzito wote uende huo mmoja. Tundu likaingia chini mpaka karibu na goti. Wakatandika jani la mgomba ndani mtama usilowe, na Ndovu akasimama kando, masikio yanampepea.

"Haya, jazeni."

Ngiri akapanda ghalani. Akashuka mikono mitupu. "Ghala halina kitu," akasema. "Lilikwisha kwenye vikapu."

"Basi si tuingize kwanza?" Bi Sange akasema. "Leo si siku ya kodi?"

Ngiri akafungua mdomo kuimba wimbo wake. "Mdomo mmoja..." Akaviona vipande vya kibuyu chini. Wimbo ukakatika. Nyati, ambaye si mwepesi wa kuelewa lakini akielewa ameelewa, akauliza, "Tunaingiza kwa kipimo gani?"

Sasa nyinyi mwitikieni.

Mguu mmoja!

— Unyayo mmoja!

Mkubwa, mdogo!

— Kwa unyayo wake!

Bi Sange akatangulia. Akakanyaga tope. Watu wakainama kuutafuta unyayo. Akatia punje moja ya mtama, ya pili ikakosa nafasi. Wanawe watatu punje moja moja. Kodi yao ikaishia hapo.

Nyati akajaza wake, akaguna, akamaliza. Ikabaki zamu ya Ndovu.

"Mimi nilisema kutoa," Ndovu akasema. "Sikusema kuingiza."

Wote wakamgeukia Jumbe. Na hapo, wanangu, watu wakaona jambo ambalo hawajapata kuliona. Korongo akaushusha mguu wa pili. Akasimama kwa miguu yote miwili.

"Mlango mmoja," akasema, "kipimo kimoja. Jaza, bwana."

Ndovu akapandisha hasira. "Basi nahama! Tuone nani atawafungulia nchi!"

Ngiri alikuwa ameshaanza kupiga magoti ya kubembeleza. Bi Sange alimkumbuka Kitinda. "Safari njema, mjomba," akasema. "Huko uendako, tazama kwanza kama chemchemi yao ina miti."

Ndovu akaenda. Akavuka bonde la kwanza, akakuta tope. Akavuka bonde la pili, akakuta tope gumu. Akavuka bonde la tatu, akakuta vumbi, maana ndugu zake walikuwa wameshaifungua nchi ile siku nyingi. Na mwenye tumbo kubwa ana kiu kubwa. Akarudi polepole, mkonga umelegea, akachota kwenye rundo lake akajaza. Kikapu cha kwanza, tundu halikuonyesha. Cha pili, bado. Cha tatu, likajaa.

Mtama ukapandishwa ghalani. Ndovu akakohoa. "Na sasa nipimieni changu."

"Kwa kazi gani?" Jumbe akauliza.

"Ya kuangusha miti."

"Mti upi?"

Ndovu akatazama huku na huku. Hapakuwa na mti.

"Kazi ipo," Bi Sange akasema. "Tope lote hili limejaa matundu ya nyayo. Atakayepanda mche ndani ya unyayo na mche ukashika, apimiwe mtama wa unyayo huo huo. Kipimo si kimoja?"

"Kimoja," Korongo akasema, miguu yote chini. Ikapita.

Bi Sange na wanawe hawakulala. Unyayo wa kwanza kupandwa ulikuwa ule mkubwa kuliko zote, ule wa barazani. Wakapanda mkuyu, wakaunywesha umande jani kwa jani. Mche uliposhika, Bi Sange akapimiwa vikapu vyake, akashindwa hata kukisogeza kimoja, Nyati akambebea mpaka mlangoni.

Sitawadanganya kwamba maji yalirudi kesho yake. Miti haina haraka kama Mshamu akisikia chakula kimeiva. Lakini asubuhi ya kwanza tu baada ya baraza, kwa kuwa Ndovu hakulala ndani, tope lilitulia, na katikati pakajitokeza maji safi, kiasi cha kujaza kiganja. Bi Sange akamleta Kitinda kabla ya wote. Hakuna aliyemzuia. Mtoto akanywa. Akapumzika, akanywa tena. Kisha akaangua kilio, anataka zaidi. Bi Sange akakaa chini akacheka huku machozi yanamtoka, maana kilio kile alikuwa amekingoja sana.

Na Ndovu? Alitambua kitu kimoja: ukikanyaga kwenye tope unalipa vikapu, ukikanyaga pakavu kwa taratibu unalipa kiganja. Akaacha kulala chemchemini. Akajifunza kuweka mguu kama anayepita penye mtoto aliyelala. Ndiyo maana mpaka leo ndovu, na ukubwa wake wote, akipita porini husikii kishindo. Unageuka, kumbe yuko nyuma yako.

Na sange mpaka leo pua yake haitulii. Anapita huku, anapita kule, ananusa kila tundu chini. Msidhani anatafuta wadudu tu. Anakagua.

Hadithi imenywa, imeshiba, imepanda kilima kwenda ghalani. Ikija zamu yenu kusimulia, msiipime kwa kibaba kidogo.

— Tutaijaza!

Haya, nendeni mkalale. Na mkitoka, kila mmoja atazame nyuma aone amekanyaga wapi. Mshamu, wewe umekanyaga vitunguu vyangu.